Kujitegemea hasa ni nini, na mtu anaanzia wapi?

Msafiri77

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tujadili jambo moja bila matusi na bila mahubiri.

Kila mtu anaambiwa ajitegemee. Ukiuliza kujitegemea ni nini, mmoja atakwambia ni kuwa na kipato chako, wa pili ni kuhama nyumbani, wa tatu ni kutomwomba mtu kitu. Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza ana mshahara mzuri na anaishi peke yake, lakini hanunui hata kiti bila kupiga simu kuuliza, na akinuniwa na mtu mmoja usingizi hauji. Wa pili anaishi kwa wazazi, kipato chake ni cha kuungaunga, ila akishaamua jambo limeamuliwa, na likiharibika analibeba mwenyewe. Nani kati yao anajitegemea?

Maswali yangu ni haya: tunapimaje? Kwa mtu anayeanzia chini kabisa, hatua ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi? Na wengi hukwama wapi? Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini sidhani walitaka tuishi kama visiwa. Naomba majibu yenye vipimo, siyo "jiamini tu utafika".

---

Mizani

Mkuu, hiyo methali isome tena taratibu. Haikusema mtegemea nduguye. Imesema mtegemea *cha* nduguye. Ndugu hana kosa hapo. Kinachoua ni ile "cha", kitu unachokula kila siku ilhali ufunguo wake uko mfukoni mwa mwingine.

Kiswahili kimetupa maneno matatu ya shina moja: kutegemea, kujitegemea, kutegemeana. Watu hudhani safari inaishia kwenye la pili. Mimi naona la pili ni daraja tu la kufikia la tatu, maana watu wawili hawawezi kutegemeana kama mmoja hana miguu ya kusimamia. Hapo yupo anayebeba na yupo anayebebwa, hata wakiita ni ushirikiano.

Kipimo ninachokiamini ni swali moja: mtu mmoja akisema "hapana" kesho asubuhi, mimi nitasimama siku ngapi? Uliza hivyo kwa kila jambo, moja moja, siyo kwa maisha yote kwa mkupuo. Hakuna mtu asiyetegemea. Tofauti ni kwamba mmoja ana milango mitatu ya kutokea na mwingine ana mmoja, tena wenye mlinzi.

Chukua karatasi, chora safu nne. Ya kwanza andika kitu unachokihitaji ili uishi na ufanye kazi. Ya pili, nani anakishika. Ya tatu, akikataa kesho una siku ngapi. Ya nne, njia yako nyingine ni ipi. Usiishie kwenye chakula, paa na pesa. Andika pia usafiri, vifaa vya kazi, vyeti, laini ya simu, barua pepe, nywila, anayekutafsiria nyaraka, anayekutuliza ukikasirika, na anayetakiwa kukubali kwanza ndipo ujisikie huru kufanya jambo. Karatasi ikijazwa kwa ukweli hutoka na mistari 20 hadi 30. Ikitoka na mitano, umejificha.

Mistari inayouma huwa ile isiyotarajiwa. Tazama mmoja tu, laini ya simu. Mtu anaitumia miaka mingi, lakini ilisajiliwa kwa jina la mwingine. Benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo. Barua pepe ikikwama, namba ya kuirejesha ni hiyo hiyo. Siku wakikosana, mwenye jina anakwenda kuripoti kwamba laini imepotea, anapewa mpya, na kwa utaratibu yuko sahihi kwa sababu ni yake. Kabla ya jioni huyu wa kwetu amefungiwa nje ya benki, barua pepe na mawasiliano ya kazi, yote kwa pamoja. Safu ya tatu hapo ni sifuri, na mwenyewe alikuwa akijiona anajitegemea tangu alipoanza kulipa kodi ya nyumba.

Ukimaliza kujaza, panga upya: juu kabisa weka mistari yenye siku chache *na* ambayo kuirekebisha ni rahisi. Laini ya simu, namba ya kurejesha barua pepe, vyeti halisi vilivyo kwenye sanduku la mtu mwingine, kadi ya benki ambayo namba yake ya siri inajulikana na wawili. Hivi vinachukua siku chache na karibu havihitaji pesa. Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na mstari mgumu kuliko yote, nyumba. Wanahangaika nao miaka miwili, kisha wanahitimisha kwamba kujitegemea ni kwa wenye bahati.

Kuhusu watu wako wawili: wa kwanza ana sifuri kwenye mstari wa ruhusa, wa pili ana sifuri kwenye mstari wa paa. Nikilazimishwa kuchagua, wa pili yuko karibu zaidi. Paa unaweza kulinunua.

---

DaftariJeusi

Nachukua upande wa pesa, maana hapo ndipo kuna hesabu zinazoeleweka na bado watu wanazikosea.

Usipime kwa ukubwa wa kipato, pima kwa miezi. Akiba yako igawe kwa matumizi yako ya mwezi mmoja, jibu ndilo idadi ya miezi unayoweza kusimama bila mtu yeyote kukulipa. Mwenye kipato kikubwa na jibu la 0.3 ni tegemezi kuliko mwenye kipato kidogo na jibu la 5.

Sasa ona hii. Fanya kipato chako cha mwezi ni 100, sarafu yoyote. Ukitumia 90 unabakiwa na 10, na mwezi mmoja wa kuishi unagharimu 90, kwa hiyo unafanya kazi miezi 9 kujinunulia mwezi mmoja wa kusimama. Ukitumia 80, unaupata kwa miezi 4. Ukitumia 70, miezi 2 na siku kama 10. Ukitumia 50, kila mwezi wa kazi unanunua mwezi mmoja. Kupunguza matumizi kunafanya kazi mara mbili kwa sababu kunaongeza kinachobaki na papo hapo kunapunguza kinachohitajika. Linganisha: ukiongeza kipato kutoka 100 hadi 110 ukabaki kutumia 90, ni miezi 4 na nusu. Ukibaki na 100 ukashuka kutumia 80, ni 4. Sisemi usitafute kipato zaidi. Nasema kipato kikipanda na matumizi yakapanda sambamba, umehama mtaa tu, siku zako za kusimama ziko pale pale.

Mpangilio wenyewe:

1. Weka kwanza akiba ya mwezi mmoja, hata kama una madeni. Bila hiyo, pancha ya kwanza inakurudisha kukopa na unaanza sifuri.
2. Kisha ua madeni ya riba kubwa.
3. Kisha peleka akiba hadi miezi 3 kama kipato ni cha uhakika, 6 kama ni cha kuungaunga au kuna watu wanaokula kupitia wewe.

Hatua ya pili ina mtego. Mkopo wa haraka wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi masikioni unasikika mdogo. Ukiuacha ujizungushe bila kulipa, 100 inakuwa takribani 314 baada ya miezi 12. Watu hupiga 10 mara 12 wakapata riba ya 120, wanasahau kwamba riba nayo inazaa riba. Kwa makadirio ya haraka, gawa 72 kwa riba ya mwaka, upate miaka ambayo kiasi kitachukua kuongezeka maradufu. Riba ya 24 kwa mwaka, karibu miaka 3. Kanuni hiyo haijali upande. Kwenye akiba inakufanyia kazi wewe, kwenye deni inamfanyia mwingine.

Ukiwa na madeni kadhaa, lipa kiwango cha chini kwenye yote, halafu kila senti ya ziada ielekeze kwenye deni moja. Ukianza na lenye riba kubwa zaidi unalipa kidogo kwa jumla. Ukianza na dogo kuliko yote unapata ushindi wa mapema unaokupa nguvu ya kuendelea. Kihesabu njia ya kwanza inashinda. Kwa mtu aliyeshakata tamaa mara mbili, ningempa ya pili bila aibu.

Yanayoharibika, kwa wingi wake:

Gharama za mara moja kwa mwaka hazimo kwenye bajeti. Ada, leseni, bima, kodi inayolipwa kwa mkupuo. Jumlisha zote, gawa kwa 12, tenga kila mwezi. Kitu kinachokuja kila mwaka tarehe ile ile hakiitwi dharura.

Akiba iko mahali pamoja na pesa ya matumizi. Hapo si akiba, ni matumizi yaliyochelewa. Iwe akaunti nyingine, kwa jina lako, inayofikika kwa siku moja au mbili lakini si kwa dakika mbili. Na ihame siku pesa inapoingia, siyo "kitakachobaki mwisho wa mwezi", maana hakijawahi kubaki.

Akiba ya dharura imewekezwa kwenye kitu kinachopanda na kushuka. Siku unapokihitaji ndiyo siku bei imelala. Vilevile usiikopeshe. Deni unalodai halilipi kodi ya nyumba.

Udhamini. Kusaini kumdhamini mtu kwenye mkopo ni kukopa mwenyewe, ila deni lako halijaanza tu. Liandike kwenye daftari lako la madeni siku ile ile, kwa kiasi chote. Kama kuliona limeandikwa kunakutisha, ulikuwa na jibu kabla ya kusaini.

Kwa wenye kipato cha kuungaunga: angalia miezi 6 iliyopita, chukua mwezi mbaya kuliko yote, huo ndio "mshahara" wako. Kinachozidi mwezi mzuri kiende kwenye chungu tofauti, na mwezi mbaya jilipe kutoka humo. Wanaoishi kwa wastani huumia, kwa sababu wastani haulipi bili za mwezi wenye ukame.

---

Bi Nahodha

Haya, pesa imeelezwa vizuri. Lakini yule mtu wa kwanza wa Msafiri hana shida ya pesa, na miezi 6 ya akiba haitamsaidia kununua kiti.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika makala mwaka 1784 akieleza hali ya mtu kubaki chini ya uangalizi wa wengine, na hoja yake ni kwamba mara nyingi mtu hajapungukiwa akili. Amepungukiwa ujasiri wa kuitumia bila kuongozwa. Ni raha kuwa mtoto, mwingine anafikiri badala yako. Tangu wakati huo hali haijabadilika sana, isipokuwa sasa tunauliza kwa kutumia simu.

Tofautisha kuomba ushauri na kuomba ruhusa. Kwa maneno vinafanana, vyote huanza na "unaonaje". Utavijua kwa mpangilio. Anayeomba ushauri ameshaandika anachokusudia na sababu zake, anatafuta kasoro. Anayeomba ruhusa ana karatasi tupu. Kwa hiyo zoezi ni hili: kabla ya kumpigia mtu yeyote, andika mistari mitatu. Nakusudia kufanya nini. Kwa nini. Nini kitanionyesha kwamba nimekosea. Kisha uliza watu wawili, wasizidi watatu, wanaolijua *jambo lile*, siyo wanaokupenda zaidi. Anayekupenda hukushauri usiumie, na mara nyingi njia ya kutoumia ni kutofanya chochote.

Muda nao una kipimo. Jiulize uamuzi huu nikiujutia nitaurudisha kwa gharama gani. Unaorudishika (kiti, kozi fupi, rangi ya ukuta) mpe dakika chache au siku moja, peke yako, usimuulize mtu. Usiorudishika au wa kurudishika kwa maumivu (kusaini mkopo, kuacha kazi, kuoa na kuolewa, kuhama mbali) lala nao angalau siku 7, na usiuamue ukiwa na njaa, hasira au usingizi. Wengi hufanya kinyume: wiki tatu kwenye kiti, jioni moja kwenye mkopo.

Anza na maamuzi madogo 10 ya aina ya kwanza, uyaandike na matokeo yake. Lengo si kuthibitisha kwamba uko sahihi kila mara. Utakosea matatu au manne. Lengo ni uone kosa lilikugharimu nini hasa, kwa sababu woga hujilisha kwa hasara ambazo hazijapimwa.

Sasa kukataa, hapa nitakaa kidogo. Mtu asiyeweza kusema hapana anatumikia ratiba ya yeyote atakayeomba kwanza. Kanuni ya kwanza: sababu ziwe chache. "Asante kwa kunifikiria, sitaweza" inatosha. Kila sababu unayoongeza ni mlango wa majadiliano. Ukisema "sitaweza, nina kazi Jumamosi," utajibiwa "basi Jumapili." Ukisema "sina pesa sasa," utaulizwa mwisho wa mwezi. Kama sababu halisi ni kwamba hutaki, usiikodishe sababu nyingine.

Kanuni ya pili ndiyo inayowaangusha wengi kwa sababu hawakuambiwa mapema. Ukianza kukataa mahali ulipozoea kukubali, shinikizo *litaongezeka* kabla halijapungua. Wataalamu wa tabia wanalijua hili vizuri: tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatwa, huweza kuchachamaa kwanza. Simu zitazidi, watatumwa wazee, utaitwa umebadilika. Hapo ndipo mtu hulegea mara ya tano au ya sita. Na kulegea mara ya sita ni kubaya kuliko kukubali mara ya kwanza, kwa sababu umefundisha kwamba bei yako ni maombi sita. Kama unajua utalegea, kubali mapema kwa heshima yako. Kama umekusudia kukataa, rudia sentensi ile ile kwa sauti ile ile, usitafute maneno mapya.

Na tafadhali, kukataa si kununa. Ukikataa jambo, siku hiyo hiyo au kesho yake tafuta sababu nyingine ya kusalimia. Mtu aone umelikataa ombi, siye yeye.

---

Kokoto

Naomba nipinge kidogo. Haya yote yanaandikwa kana kwamba mtu mzima kamili ni yule mwenye afya, anayejipikia, anajiendesha na hamwambii mtu shida. Mwenye ulemavu je? Mzee je? Hao hawajitegemei kwa sababu wanasaidiwa kuvaa shati?

Ed Roberts wa kule Marekani alipooza karibu mwili mzima kwa polio, akawa anahitaji mashine ya kupumulia na mtu wa kumsaidia kwa karibu kila kitu. Alisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa hivyo, na yeye na wenzake wakaanzisha pale Berkeley mwaka 1972 kituo cha kuwawezesha watu wenye ulemavu kuishi maisha ya kujitegemea. Hoja yao ilikuwa nyepesi na kali: kujitegemea hakupimwi kwa mambo mangapi unayafanya kwa mikono yako. Hupimwa kwa nani anaamua. Nani anachagua msaidizi, anaamka saa ngapi, anavaa nini, anakwenda wapi. Mtu anayevalishwa shati alilolichagua, na msaidizi aliyemwajiri mwenyewe na anayeweza kumwachisha, anajitegemea kuliko anayevaa mwenyewe shati aliloamriwa.

---

Mizani

Kokoto, hapo sikupingi, umeikaza hoja. Naongeza safu ya tano kwenye karatasi yangu: nani anaamua. Safu ya pili, nani anashika, haitoshi peke yake.

Hata wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanatenganisha mambo hayo. Katika nadharia yao binadamu ana mahitaji matatu ya msingi ya nafsi: kujiamulia, kuweza, na kuwa karibu na watu. Kujiamulia kwao si kinyume cha kutegemea. Mtu anaweza kuchagua kwa hiari kumtegemea mwenzake, na hilo likawa tendo la uhuru. Kinyume cha kujiamulia ni kuendeshwa.

Lakini tusitumie hoja hii kama kitanda cha uvivu. Mwenye mikono mizima asiyejua kufua nguo zake asijifiche nyuma ya Ed Roberts.

---

Kokoto

😂 Nimekubali.

---

FundiStadi

Nimalizie upande wa stadi, kwa ufupi. Usijifunze kila kitu, hilo nalo ni mtego, utaishia na kozi 12 na huwezi kubadilisha taa. Anza na vinavyojirudia kila siku, kisha kila wiki, kisha vya nadra ambavyo kukosea kunaumiza.

Vya kila siku: milo 7 unayoweza kuipika bila kusoma popote, kufua, kusafisha, kuamka bila kuamshwa na mtu. Hili la mwisho watu hucheka, lakini angalia nani anaamshwa na simu ya mama hadi umri gani.

Vya kila wiki: bajeti, ununuzi kwa orodha, matengenezo madogo. Jua swichi kuu ya umeme iko wapi na koki kuu ya maji inafungwa upande gani *kabla* bomba halijapasuka. Mara nyingi hasara ya maji hutokana na mtu kuzunguka nyumba akitafuta koki huku maji yanamfuata.

Vya nadra vyenye uzito: kuzuia damu inayotoka kwa kugandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kuachia kila dakika kuchungulia, kujua namba za dharura za mahali ulipo, na kusoma mkataba. Mkataba wowote, tafuta vitu vitano kabla ya kusoma kingine: muda wake na kama unajirefusha wenyewe, kiasi na lini kinaweza kupanda, notisi ya kuondoka ni ya siku ngapi na itolewe vipi, adhabu ya kuvunja, na nani anabeba matengenezo. Kisicho kwenye karatasi hakipo, hata kama kimesemwa kwa tabasamu. Sahihi yako iwe kwenye kila ukurasa, nakala ubaki nayo wewe.

Nyaraka: halisi kwenye mfuko mmoja usioingiza maji, nakala kwa mtu mnayeaminiana anayeishi nyumba nyingine, na picha zake mahali penye nywila. Namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili (zile za kuingilia akaunti yako simu isipokuwepo) ziandike kwenye karatasi, usiziweke ndani ya simu ile ile. Simu ikiibwa, funguo zinakuwa zimeibwa pamoja na kufuli.

---

Msafiri77

Aisee, shukrani sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nina mawili ya mwisho kwa DaftariJeusi. Mtu anayetaka kuhama nyumbani anajuaje amefika? Na mwenye ndugu wanaomtegemea anafanyaje, maana kila akifika mwezi mmoja wa akiba linatokea jambo linakombwa lote?

---

DaftariJeusi

La kuhama: fanya jaribio kabla hujatoa notisi ya kitu chochote. Kwa miezi 3 mfululizo, ukiwa bado nyumbani, hamisha kila mwezi kiasi chote ambacho ungelipa ukiwa kwako: kodi, umeme, maji, chakula, usafiri wa kutokea huko, intaneti. Kiweke akaunti ya pembeni usiiguse. Kama unachangia nyumbani, toa mchango huo kwenye hesabu, usilipe mara mbili. Mwezi wa kwanza kila mtu anaweza. Jibu la kweli ni mwezi wa tatu, kama hujachomoa hata mara moja. Faida yake ni kwamba ukifaulu, pesa hiyo ndiyo inayolipa kodi ya mwanzo, amana, vyombo na godoro. Ukishindwa, hujapoteza kitu, na umejua umepungukiwa kiasi gani hasa.

Kanuni inayotumika sana ni kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Ichukue kama taa ya njano, siyo sheria. Aliye mbali na kazi analipa kodi ndogo na nauli kubwa, kwa hiyo jumlisha vyote viwili ndipo upime. Na siku ya kuhama, baada ya kulipa kila kitu, ubaki na angalau mwezi mmoja mzima mkononi. Wanaorudi nyumbani mwezi wa nne mara nyingi walihama na sifuri.

La ndugu: msaada unaokuja kwa matukio hauna mwisho, kwa sababu matukio hayana mwisho. Ugeuze uwe mstari wa bajeti. Amua asilimia unayoiweza, mathalani 10, itenge siku pesa inapoingia, mahali pake peke yake. Maombi yote yatoke humo. Kikijaa na hakuna aliyeomba, kiache kiongezeke kwa ajili ya siku ya jambo kubwa. Kikiisha, jibu linakuwa la kweli na jepesi: "Mfuko wa mwezi huu umeisha, tutazame mwezi ujao." Hapo husemi huna, husemi hutaki, na huhitaji kuihesabia familia mshahara wako.

Ugonjwa na msiba huvunja kanuni, hilo halina ubishi. Ila uandike kwamba umechomoa kiasi gani na tarehe utakayoanza kukirudisha, kabla hujafunga daftari siku hiyo.